Dawa ya Bilioni Tano: Zamu ni ya Nani?

(Maneno yaliyosomwa na Kamati ya Mfuko wa Jamii siku ya maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi)

Wenzetu wa uongozi wameshasoma taarifa ya hisa na mikopo, na mmesikia wenyewe kwamba sanduku lipo, kufuli zake tatu zipo, na akina mama watatu wenye funguo wapo na bado wanasalimiana. Sisi tumeombwa tuseme habari ya matibabu. Tumeambiwa tuseme kwa kifupi. Tutajitahidi, lakini jambo lenyewe si fupi.

Tumechagua kuzungumzia selimundu, ambayo wengi wetu tunaiita sikoseli. Tumeichagua kwa sababu imo majumbani mwetu, hasa sisi wa huku Kanda ya Ziwa. Vilevile ni ugonjwa ambao hivi sasa una tiba ya mara moja inayolenga chanzo chenyewe, na tiba hiyo ni kati ya zilizo ghali kuliko zote duniani. Kwa hiyo mtu akitaka kujua haki katika hospitali za umma ni kitu gani, hapa ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa. Damu yetu ina chembe nyekundu za mviringo, laini, zinazopita kwenye mishipa midogo bila taabu. Kwa mwenye selimundu chembe hizo hukunjika zikawa kama mundu wa kuvunia mpunga, zikakakamaa, zikanasa. Mahali zinaponasa damu haipiti, na hapo ndipo mtoto analia usiku kucha akishika mguu, mkono au kifua. Chembe hizo pia hufa mapema, ndiyo maana damu inapungua na macho yanakuwa ya manjano. Baadhi ya watoto hupata kiharusi wakiwa bado wadogo.

Na hili tulisema polepole, maana limevunja ndoa hapa hapa kijijini: ugonjwa huu hauletwi na mama peke yake. Mtoto anarithi kwa baba na kwa mama. Mwenye kurithi upande mmoja tu kwa kawaida huwa mzima, tena chembe hiyo humkinga na malaria kali, na ndiyo sababu imeenea sana kwenye nchi za malaria kama yetu. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Wala si kwamba akishatoka mmoja mgonjwa basi watatu wanaofuata ni wazima. Kila mimba inaanza hesabu upya. Akina baba, tunaomba mtusikie hapo.

Inakadiriwa kuwa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wakiwa na ugonjwa huu. Ni nchi chache tu duniani zinazotuzidi, zikiwamo Nigeria, India na Kongo.

Sasa tuje kwetu. Katika mwaka wa nne wa kikundi hiki mwenzetu mmoja alifiwa na binti ambaye hakutimiza miaka mitatu. Tulikwenda msibani, mfuko ukatoa rambirambi kama katiba inavyosema, tukarudi. Tulidhani ni malaria. Jina la ugonjwa tulilisikia mwaka uliofuata, alipopimwa mdogo wake, mtoto wa kiume, aliyekuwa amevimba vidole vya mikono na miguu. Yule mdogo yuko hai. Yuko darasa la kwanza, na leo yuko hapa anakula pilau kutuzidi sisi wote.

Huyo ndiye aliyetuletea mjadala mkubwa kuliko wote katika kikundi. Daktari alimwandikia dawa iitwayo haidroksiyurea, ya kumeza kila siku, kwa miaka mingi. Katika hospitali moja mama aliambiwa dawa imekwisha, akanunue dukani. Akauza kuku, akauza na mbuzi, kisha akaja mbele ya sanduku. Mfuko wetu wa jamii ni shilingi 500 kwa kila mama kila wiki. Tuko 30. Hiyo ni shilingi 15,000 kwa wiki, 780,000 kwa mwaka, ikiwa hakuna aliyechelewa kulipa, na ninyi mnajua kuna wanaochelewa.

Wako waliosema mfuko ni wa msiba, moto na mafuriko, yaani mambo yanayotokea mara moja, na kwamba dawa ya kila mwezi itaumaliza. Wako waliosema mtoto ni mtoto. Hakuna kati yao aliyekuwa na roho mbaya. Waliosema mfuko utakwisha walikuwa wamepiga hesabu, na hesabu yao ilikuwa sawa: wiki sita baadaye akaja mama wa pili na mtoto wa namna ile ile. Tulikaa vikao vitatu. Mwishowe tulikubaliana kwamba mfuko utalipa kwanza mchango wa Mfuko wa Afya ya Jamii kwa kila kaya ya mwanachama asiyeweza, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kama ilivyokuwa wakati ule. Kinachobaki kitasaidia dawa kwa watoto wote wenye maradhi ya kudumu, kwa kiwango kimoja, bila kuangalia ni mtoto wa mwenyekiti au wa nani. Mama wa kwanza alipata pungufu ya alichoomba. Alikubali, ingawa siku ile hakutuaga.

Tunayasimulia haya kwa sababu ndiyo mambo yanayowasumbua mawaziri na madaktari wakubwa ulimwenguni, ila wao wanayasema kwa Kiingereza.

Basi iko hii tiba mpya. Inaitwa Casgevy. Wataalamu wanachota chembe mama za damu ya mgonjwa mwenyewe, wanazipeleka maabara, wanakata kipande cha vinasaba kwa mkasi mdogo usioonekana kwa macho, ili mwili uanze tena kutengeneza ile damu tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama zetu, isiyokunjika. Kisha mgonjwa hupewa dawa kali ya kusafisha uloto, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unakotengenezwa damu, halafu anarudishiwa chembe zake zilizotengenezwa. Analazwa wiki kadhaa. Kanuni ya mkasi huo iliwapatia wanawake wawili, Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier, Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2020. Wanawake wawili, tunarudia, kwa faida ya wale mabinti waliokaa nyuma.

Uingereza iliiruhusu tiba hiyo Novemba 2023, ya kwanza duniani, na Marekani ikafuata Desemba mwaka huo huo. Marekani bei ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi bilioni 5. Mweka hazina wetu alikaa na kikokotoo akatuambia kwamba mfuko wetu wa jamii, usipotoa hata senti kwa jambo jingine, ungemtibu mtoto mmoja baada ya miaka kama 7,000. Tukacheka. Kisha akapiga hesabu ya nchi, na hapo hatukucheka: kuwatibu kwa bei hiyo watoto 11,000 wanaozaliwa mwaka mmoja tu ni shilingi trilioni 59 na ushei, wakati bajeti nzima ya serikali ya mwaka 2025/26, pamoja na barabara, shule, jeshi na madeni, ilikuwa trilioni 56.49.

Hata matajiri wamekwama hapo. Kule Uingereza hospitali za umma haziuzi matibabu, hununua kwa kodi ya wote, na kuna taasisi inayopima kila dawa kama inastahili kununuliwa kwa fedha za umma. Machi 2024 taasisi hiyo ilitoa rasimu ya kuikataa tiba hii kwa wagonjwa wa selimundu. Wagonjwa wenyewe, ambao wengi wao asili yao ni Afrika na visiwa vya Karibi, walisimama wakasema maumivu yao hayajapimwa sawasawa. Januari 2025 ikakubaliwa. Bei iliyotangazwa huko ni pauni milioni 1.65, na wagonjwa wanaotazamiwa kuipata ni 50 hivi kwa mwaka, katika nchi yenye maelfu ya wagonjwa.

Lakini serikali ya kule ilipunguziwa bei, na kiasi ilichopunguziwa ni siri. Hapo sisi tunauliza. Sanduku letu hufunguliwa mbele ya wanachama wote, fedha zinahesabiwa kwa sauti, na mtoto wa darasa la pili anaweza kufuatilia. Ikiwa Uingereza inalipa bei ya siri, na nchi ya pili inalipa bei ya siri, nchi ya tatu itajuaje kama inaibiwa? Mnunuzi wa dagaa asiyejua mwenzake amenunua kwa kiasi gani, mnajua yanayompata mwaloni.

Marekani wamejaribu njia nyingine. Mwaka 2025 majimbo 33 yaliingia katika mpango wa serikali wa kujadiliana bei kwa pamoja kwa ajili ya wagonjwa wa kipato cha chini. Ndani yake kuna sharti kwamba malipo yaendane na matokeo: tiba isipofanya kazi kama ilivyoahidiwa, kampuni inawajibika. Na kwa kuwa ile dawa kali ya kusafisha uloto inaweza kumwondolea mtu uwezo wa kuzaa, mpango huo umeweka pia gharama za kuhifadhi mbegu za uzazi. Jambo hili la mwisho tumelipigia mstari. Bila kuliangalia, binti angepona maumivu akabaki na msiba mwingine, na asingekuwepo wa kumlipia.

Sasa kuna watu, tena wasomi, watakaosema: haya ya bilioni tano yanatuhusu nini sisi wa jembe na dagaa? Waachieni wenyewe. Tunawajibu kwa jambo tuliloliona kwa macho yetu. Mwaka 2000 dawa za kupunguza makali ya Ukimwi zilikuwa zinagharimu dola 10,000 na zaidi kwa mgonjwa kwa mwaka. Tuliambiwa si za Afrika. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikasema inaweza kuzitoa kwa dola 350. Novemba mwaka huo nchi za biashara zilikutana Doha zikakiri kwamba haki ya mwenye hataza isizuie nchi kulinda afya ya watu wake. Kule Afrika Kusini wagonjwa waliandamana mpaka makampuni yakafuta kesi yaliyokuwa yameifungulia serikali. Mwaka 2004 Tanzania ikaanza kuzitoa bila malipo. Leo gharama yake kwa nchi maskini ni chini ya dola 50 kwa mwaka, na wako waliokaa kwenye viti hivi ambao wasingekuwepo kama tungeambiwa tusubiri tutajirike. Hatuwataji, wanajijua, na tunawapenda.

Ila bei ile haikushuka kwa dua tu. Ilishuka kwa sababu alitokea mtengenezaji wa pili, wagonjwa walikataa kunyamaza, na serikali zilinunua kwa wingi. Na tusijidanganye kuhusu wafadhili. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, watu walipata hofu katika vituo vingi vya Afrika, kwa sababu kitu kilichozoeleka kama haki kilikuwa kimeshikiliwa na mkono wa mtu mwingine.

Turudi kwenye selimundu. Kati ya mtoto asiyepata chochote na mtoto wa bilioni tano, kuna mengi. Kuna kumpima mtoto mchanga kwa tone la damu ya kisigino. Kuna penisilini kila siku mpaka afikishe miaka mitano, chanjo, chandarua, na mama kufundishwa kupapasa wengu. Haya ni ya bei ya chini sana, na yule binti tuliyemzika hakupata kupimwa. Kisha iko haidroksiyurea. Marekani iliikubali kwa watu wazima wenye selimundu tangu 1998. Hapa Afrika tuliambiwa tungoje, ati huenda ikawadhuru watoto wenye utapiamlo na malaria. Basi watafiti wakaijaribu kwa watoto wapatao 600 huko Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, na matokeo yakatangazwa Desemba 2018: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, hata malaria ilipungua. Miaka 20 ya kungoja, jamani. Watoto wangapi wamepita hapo katikati?

Na uko upandikizaji wa uloto kutoka kwa ndugu, ambao ulianza kuponya selimundu huko Memphis, Marekani, katika miaka ya 1980. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuufanya kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023. Ni jambo la kujivunia. Gharama yake ni mamilioni mengi ya shilingi, si mabilioni, na unahitaji ndugu wa baba na mama mmoja ambaye uloto wake unalingana. Kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana.

Hapo ndipo swali la zamu linapokuja, na hapo ndipo tunapotaka Ndugu Mgeni Rasmi atusikilize. Vitanda vya upandikizaji ni vichache. Nani anatangulia? Aliye mgonjwa zaidi? Aliyesubiri zaidi? Mwenye ndugu anayelingana? Au mwenye shangazi wizarani? Sisi hatutoi jibu la kitaalamu. Tunasema tu kwamba kanuni iandikwe, ibandikwe ukutani kwa Kiswahili, na mama wa huku kwetu ajue mtoto wake ni wa ngapi na kwa nini. Katika upatu, mtu hukubali kuwa wa mwisho ikiwa aliona karatasi zikichanganywa kwenye kapu. Asipoona, hata akiwa wa tatu atanung'unika, na atakuwa na haki.

Kuhusu bima tuna neno moja. Mnakumbuka kadi ya Toto Afya, shilingi 50,400 kwa mtoto. Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, kwa maelezo kwamba wengi waliokuwa wakijiunga ni waliokwisha kuugua, mfuko ukawa unaelemewa. Akina mama wengi walikasirika. Sisi pia tulikasirika, kwa sababu mtoto mgonjwa ndiye hasa anayehitaji kadi. Lakini kama watunza mfuko tulielewa hesabu yake: kikundi ambamo anajiunga mwenye msiba tu hakifiki Krismasi. Dawa yake ni wote kuingia, wazima na wagonjwa, na asiyeweza alipiwe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Tunachokiangalia sisi ni kitita chake: je, haidroksiyurea imo, na ikiwa imo, je, ipo dirishani? Maana dawa iliyo kwenye orodha lakini haipo kwenye rafu, mama anailipia mara mbili, kwa mchango na kwa mbuzi.

Tumeandika barua kwa Halmashauri. Inaomba mambo matatu: watoto wachanga wa wilaya hii wapimwe selimundu wanapoletwa kliniki, haidroksiyurea isikosekane hospitali ya wilaya, na wanaopewa rufaa ya kupandikizwa uloto waelezwe kwa maandishi utaratibu wa zamu. Hatukuomba Casgevy. Wanachama wawili walitaka tuiombe, wakasema tusijidharau, kwani mwaka 2000 nani angeomba ARV? Hoja yao ina nguvu, na tumeiweka kwenye barua kwa namna hii: serikali yetu ikikaa na wenzake wa Afrika kujadili bei, isikubali mkataba wa siri, na itake tiba hizi zifanyiwe utafiti na kutengenezwa huku waliko wagonjwa. Mwaka 2019 taasisi ya utafiti wa afya ya Marekani na mfuko wa Gates walitangaza dola milioni 200 kwa pamoja, kwa ajili ya kutafuta tiba za namna hii zenye bei nafuu, zinazoweza kutolewa hata Afrika, kwa selimundu na Ukimwi. Kwa hiyo si ndoto za akina mama wa kijijini tu. Profesa Julie Makani na wenzake wa Muhimbili wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa maelfu tangu mwaka 2004. Wataalamu wapo.

Barua hiyo iko kwenye meza ya katibu, karibu na keki. Inahitaji sahihi, na asiyeandika ataweka dole gumba, wino upo. Wauguzi wetu wamekubali kukaa chini ya mwembe kuanzia saa nane kuandikisha wanaotaka kupimwa kama wamebeba chembe ya selimundu, hasa vijana wanaotarajia kuoana. Tunaomba waje wawili wawili. Watakaochangia damu wajiandikishe hapo hapo, ila wale kwanza, pilau ipo ya kutosha.